Sampla ya ala za ambient: SFZ, Decent Sampler au Kontakt?

mawimbi7
Wakuu, rekodi ni tano: bakuli la shaba linalosuguliwa kwa upinde wa fidla, sekunde 40 kila moja, stereo, 24-bit/96 kHz, noti moja kwa kila oktava. Inatakiwa ala moja, noti ishikiliwe hata dakika kumi bila kukatika. Nitumie sampla ipi (programu ya kupiga rekodi kama ala kwa kibodi)?

kambatupu
SFZ. Ni faili la maandishi tu, na kila rekodi ina region yake (mistari inayosema rekodi ipi ilie kwa noti zipi):

`sample=bakuli_48.wav pitch_keycenter=48 lokey=42 hikey=53 loop_mode=loop_continuous loop_start=960000 loop_end=2880000 ampeg_attack=2 ampeg_release=6 offset_random=96000`

Hiyo ya mwisho huanzisha noti popote ndani ya sekunde ya kwanza, kwa hiyo ukirudia noti ileile haitoki vilevile kila mara. Noti ziandike kwa namba: 60 ni C4 kwenye SFZ lakini C3 kwenye Kontakt, na ukichanganya ala nzima inahama oktava.

lupundefu
Mkuu, kazi kubwa iko kwenye lupu (kipande cha rekodi kinachorudiwa bila kukoma), sampla ni ya baadaye. `loop_crossfade` ya SFZ haitambuliwi na kila pleya, hivyo ichome krosfedi (mwisho wa lupu ufifie huku mwanzo ukiingia) ndani ya WAV yenyewe, sekunde 4. Kabla ya hapo sawazisha sauti: bakuli likififia desibeli 6 kati ya mwanzo na mwisho wa lupu, kila mzunguko utasikika ukipumua, na krosfedi haitaponya hilo.

Mkunjo wa krosfedi uwe wa nguvu sawa. Mawimbi ya upinde hayalingani fezi (hayapandi na kushuka pamoja), kwa hiyo mkunjo wa mstari mnyoofu hushusha takriban desibeli 3 katikati. Kwa toni tulivu ya sinthi iliyolingana fezi ni kinyume: nguvu sawa huivimbisha.

Kisha, ili marudio yasitambulike, weka tabaka mbili, lupu za sekunde 7 na 11. Zitakutana tena baada ya sekunde 77. Oktava moja chini rekodi huenda nusu kasi, hivyo 154.

pembe_tatu
Decent Sampler nayo ni ya bure, na krosfedi imo. Ila `loopCrossfade` huhesabiwa kwa sampuli (vipimo vya sauti, 96000 kila sekunde kwa 96 kHz): sekunde 4 kwa 96 kHz ni 384000. Ukiandika 4, mlio wa "tak" kwenye kiungo cha lupu unabaki palepale. Pia acha angalau sekunde hizo 4 kabla ya `loopStart`, maana krosfedi huchota sauti kutoka hapo. Vitufe vya skrini na riverbu ya konvolusheni (mwangwi ulionaswa mahali halisi) unaviandika kwenye `.dspreset` hiyohiyo, faili la ala la Decent Sampler.

Kontakt ina maana ukihitaji skripti za KSP (lugha yake ya kuandikia tabia za ala). Vinginevyo, ala yako kwenye Kontakt Player ya bure hufunguka kwa muda wa majaribio tu.

mawimbi7
Na 96 kHz, nibaki nayo?

lupundefu
Ikiwa maiki inanasa juu ya 20 kHz, ndiyo. Ukishusha oktava, faili la 48 kHz huishia 12 kHz, la 96 hufika 24. Maiki ikiishia 20, yote mawili hayana kitu juu ya 10.