Binti kamaliza kidato cha sita: JKT, dukani kwa shemeji au VETA? Naomba ushauri

MamaWawili_Moshi
Wakuu habari za jioni. Najua humu kuna wazazi, walimu na waliopita jeshini, naombeni mnisaidie.

Binti yangu amemaliza kidato cha sita mwezi huu, PCM (fizikia, kemia na hesabu). Jina lake limetoka kwenye orodha ya JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) mujibu wa sheria, yale mafunzo ya miezi mitatu ya waliomaliza kidato cha sita, kapangiwa kambi ya Mafinga, Iringa. Baba yake alishafariki, mimi nauza vitenge sokoni. Sasa kila mtu ana lake. Shemeji yangu ana duka la simu Kariakoo, anasema JKT ni kupoteza muda, mtoto aje akae kaunta, atampa pa kulala na "kitu kidogo", mambo ya chuo tutaona mbele. Mwalimu wake wa fizikia anataka aende digrii ya uhandisi. Mwenyewe anataka umeme, lakini wa VETA, vyuo vya ufundi stadi. Hoja yake ni kwamba kaka wa rafiki yake ana digrii na anaendesha bodaboda, ila fundi aliyetufungia umeme nyumbani kumpata ni kwa miadi.

Mimi natamani chuo kikuu, ila ada sina, kwa hiyo ni mkopo. Na nasikia dirisha la mkopo hufunguka wao wakiwa kambini. Je, asiende? Akiacha JKT atanyimwa chuo? Nawasilisha.

Kuruta_Mstaafu
Shikamoo mama. Mimi nilipita mujibu wa sheria, naanza na swali lako la mwisho. Chuo hawamnyimi. TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) wanaangalia ufaulu, na darasani kwetu waliokuwa hawajakanyaga kambi ni wengi tu, maana nafasi za makambi zilikuwa haziwatoshi wahitimu wote. Lakini huyu wako ameitwa kwa jina, na sheria ni sheria. Halafu kesho akitaka polisi, magereza au uhamiaji, cheti cha JKT huenda kikaulizwa.

Maisha ya kule: kuamka alfajiri, mchakamchaka, kwata, shamba, usafi, silaha. Wiki ya kwanza atalia. Ya tatu utamkuta ndiye anayeanzisha chenja, zile nyimbo za mchakamchaka. Simu asiitegemee, kwetu tulikuwa tunazipata kwa ruhusa tu.

Mzee_wa_Upanga
Miezi mitatu mnaiita jeshi! Sisi wa kabla ya 1994, serikali ilipoyasitisha mafunzo, tulipiga mwaka mzima. Na waliotutangulia ndio walioonja zaidi. Oktoba 1966 wanachuo wa Dar waliandamana kupinga kwenda JKT na kukatwa asilimia 60 ya mshahara wakiwa humo. Mwalimu Nyerere aliwarudisha makwao, na mshahara wake mwenyewe akaupunguza kwa asilimia 20. Mwache mtoto aende, mama.

chuma_ulete
JKT watamkomaza kwa miezi mitatu. Dukani kwa shem atakomazwa miaka mitatu.

Dada_wa_Kaunta
Huyo hapo juu anatania ila kasema kweli. Nimekaa kaunta ya ndugu. Kwa ndugu hakuna mkataba: unafungua wewe, unafunga wewe, ukirudi nyumbani unaosha vyombo, na mwisho wa mwezi unaambiwa "si unakula hapa hapa". Muulize shemeji maswali mawili: shilingi ngapi, na tarehe ngapi. Akijibu "huyu si mwanangu?", basi umeshajibiwa.

Ticha_Chaki
Mama, mimi ni mwalimu wa A-level, na hili nalikuta kila mwaka. Nyumba nzima inagombana kana kwamba mambo yote yanaanza siku moja. Hayaanzi siku moja! Chukua kalenda ya ukutani uangalie.

Sasa hivi mwishoni mwa Mei wanaripoti kambini. Matokeo ya kidato cha sita kwa kawaida hutoka Julai, na TCU hufungua udahili baada ya hapo. Kambini wanamaliza Agosti au mapema Septemba. Vyuo vikuu hufungua Oktoba au Novemba. VETA, kwa kozi ndefu, fomu hutoka kuanzia Agosti hivi na masomo huanza Januari. Kwa hiyo JKT haimzuii kwenda chuo wala VETA. Leo hulazimiki kuamua kati ya digrii na VETA, hata matokeo huna. Na duka la shemeji, kama lipo kweli, litakuwepo Septemba mpaka Desemba iwapo atachagua VETA.

Jambo moja tu haliwezi kusubiri: karatasi. Wanaokosa mkopo kwa sababu za karatasi ninaowajua ni wengi kuliko waliokosa kwa sababu za alama.

Bumu_Limeingia
Ticha kagusa penyewe. Mama, ingia RITA (wale wa vyeti vya kuzaliwa na vifo) kwenye mtandao wiki hii uhakiki cheti chake cha kuzaliwa na cheti cha kifo cha baba yake. Usipuuze hicho cha kifo, ndicho kitakachowaeleza HESLB, bodi ya mikopo, hali ya familia yenu. Ada ya maombi ya mkopo ni elfu 30, itenge. Akaunti inafunguliwa kwa namba ya mtihani wa kidato cha nne, iandike mahali. Mdhamini ndiye wewe, kwa hiyo kitambulisho chako na picha ndogo viwe tayari. Fomu inapita kwa serikali ya mtaa na kwa wakili au hakimu.

Tatizo ni kwamba fomu inataka sahihi yake mwenyewe. Kambini kwetu maafisa wa HESLB walikuja na tukapewa muda wa kujaza, lakini waliofaidi ni wenye nyaraka mkononi. Wengine walikuwa wanaomba simu kwa afande wapige nyumbani, "mama, cheti kipo kwenye sanduku gani?" Aende na kopi za kila kitu, na wewe ubaki na picha zake kwenye simu.

Fundi_Waya
Naongea na binti. Nimesoma VETA, nina leseni ya ufundi umeme ya EWURA (mamlaka ya nishati na maji), nakula vizuri. VETA za serikali ada ya kutwa ni elfu 60 kwa mwaka, bweni laki na 20, na hapo Moshi chuo kipo. Mkopo wa HESLB usiutegemee kwa VETA, ila kwa ada hiyo mama atajibana. Tena ukishajua kazi, hakikisha unapata leseni, usiishie kuwa kishoka wa mtaani.

Lakini nikwambie kitu mdogo wangu. PCM yenye ufaulu wa fizikia na hesabu ni mlango ambao mimi sikuwa nao. Michoro ya jengo la ghorofa naletewa, siichori. Anayeichora analipwa kabla mimi sijaanza kuvuta waya. Kwa TCU, principal mbili (yaani masomo mawili uliyofaulu kwa A mpaka E) zenye jumla ya pointi 4 ndiyo chini kabisa, na uhandisi watataka hesabu na fizikia. Subiri Julai. Zikija vizuri, kuna vyuo vya uhandisi: kuna DIT Dar, kuna MUST Mbeya, na Chuo cha Ufundi Arusha kipo jirani. Zikija vibaya, Januari haiko mbali.

MamaWawili_Moshi
Asanteni sana wakuu, nimempa asome mwenyewe. Shemeji nimemuuliza yale maswali mawili, amenuna mpaka sasa. Binti anakwenda Mafinga.

Ila nimetoa vyeti leo nimeona balaa. Cha kuzaliwa kina jina la ukoo la babu yake, vya shule vina jina la baba. Itakuwaje?

Bumu_Limeingia
Nenda kwa wakili kesho, na yeye aende, akaape hati ya kiapo kwamba majina yote mawili ni ya mtu mmoja. Akishaondoka kumpata ni shughuli.

Kuruta_Mstaafu
Na vifaa, mama: bukta ya bluu iliyokoza yenye mpira kiunoni, isiyo na zipu, ifike magotini. Fulana ya kijani. Raba ngumu za kijani au bluu, shuka mbili za bluu bahari, soksi ndefu nyeusi. Nauli ya kwenda na ya kurudi. Raba azivae nyumbani kuanzia leo zilainike, malengelenge ya wiki ya kwanza si mchezo. Na Mafinga mwezi wa sita na wa saba, baridi ya Moshi ni utani. Mnunulie traki suti nzito.