Naombeni ushauri: kanisa limenichagua kwenda misheni Lubumbashi siku 12, niende au niache?

Ua la Uyole:
Habari za jioni wakuu, wakubwa shikamooni. Mimi ni dada wa miaka 27, nesi, naishi Mbeya. Kanisani kwetu kuna timu ya vijana 14 inaenda misheni Lubumbashi, kule Kongo, mwezi wa saba, siku 12 pamoja na za njiani, na jina langu limesomwa jumapili iliyopita mbele ya watu wote bila hata kuulizwa, yaani nimekaa zangu nasikia jina, kugeuka mama yangu huyo anapiga vigelegele, sasa hapo kukataa unaanzia wapi.

Kinachonisumbua ni hivi. Kila mtu anatakiwa atafute milioni moja na laki mbili, tumepewa kadi za michango na mpaka leo nina laki tatu na themanini mkononi, zingine ni ahadi ambazo najua nusu yake zitaishia mdomoni. Likizo yangu ni siku 28, nikitoa hizo sijui bibi yangu Kyela nitamuona lini. Halafu kiongozi wa timu katangaza kwamba mimi nitafungua kliniki ya siku tatu kule, nibebe na dawa. Mimi peke yangu! Tena tumekusanya belo mbili za nguo za kwenda kugawa, na kwenye bajeti kuna tisheti za kufanana za timu. Lugha anasema tusihofu Kongo wanaongea Kiswahili, ila mgonjwa wangu mmoja aliyewahi kufanya biashara huko kaniambia ni Kifaransa kitupu.

Kusema ukweli moyo unataka kwenda. Ila juzi niko zamu ya usiku wodi imetulia nikajiuliza, hivi mimi naenda kuwapelekea nini watu wa Lubumbashi ambacho wenyewe hawana? Mpaka nakabidhi zamu asubuhi sijapata jibu. Nishaurini, matusi wekeni pembeni.

Mkaanga Sumu:
Milioni moja na laki mbili mara 14 ni milioni 16 na laki nane. Tumeni hiyo hela wajenge vyoo vya kanisa na walipie watoto ada, nyie bakini Mbeya. Kuna watu mtaani kwako hapo Uyole hawajala tangu jana ila hao hawana picha nzuri ya kuweka status. Utalii tu huo mmeuvalisha tisheti.

Sabuni ya Kipande:
Mkaanga Sumu harusi ya siku moja mnachanga hizo hizo milioni 16 mnakunywa mnacheza mnaenda kulala, sijawahi kukuona unaleta kalkuleta. Likiwa jambo la Mungu ndo hesabu inapanda. Dada nenda.

Kwaya Namba Tatu:
Dada ngoja nikuambie ya kwangu, mimi nimeenda Lubumbashi na timu 2019, kanisa silitaji. Tulikuwa tisa. Tulipokelewa kama wafalme, nyimbo, vumbi linatimka, tukapelekwa nyumbani kwa mama mmoja mjane wa kanisani ana binti zake wawili. Vyumba vitatu tukajaa sote, magodoro mazuri mashuka yanang'aa, sisi tukasema kumbe hawa jamaa hali zao nzuri tu. Kila asubuhi maji ya moto yapo, chai ipo, mchana bukari (ndo ugali wao) na sombe ambayo ni kisamvu, na samaki, tunakula tunabakisha tunaenda kuhubiri.

Siku ya nne usiku tumbo likanisumbua nikatoka saa tisa hivi kwenda msalani. Napita jikoni, lile la nje la kupikia mkaa, nikamkuta yule mama kalala chini juu ya magunia, kajifunika kanga mbili, na binti yake mdogo kamlalia mkononi. Na mwezi wa saba ule ni baridi haswa. Yule binti mkubwa hakuwepo kwa sababu alikuwa foleni ya maji, saa tisa usiku aisee, ndo maji ya moto yetu yale. Baadae tukaja kujua magodoro sita kati ya yale yameazimwa kwa majirani na samaki wamekopwa sokoni. Kiongozi wetu alipotaka kumpa hela alikataa kabisa, alinuna, akasema mgeni halipi. Nilirudi nyumbani na ushuhuda mzuri sana wa kusimulia madhabahuni ila hilo la jikoni sikulisema, ndo nalisema hapa leo.

Kwaio mimi sikuambii usiende. Nakuambia kaulizeni mtalala wapi na nani anawalisha, na hela ya chakula itumwe kwa kina mama wa kule MAPEMA kabla hamjafika, mkifika hawatapokea. Bebeni magodoro na mablanketi yenu mkayaache kule. Hizo tisheti za kufanana futeni kwenye bajeti, sijawahi kuona mtu anaokoka kwa sababu ya tisheti.

Lugha nayo. Kiswahili kipo ila kina mitego. Mimi kijana mzima nilimuuliza mchungaji msaidizi kwa heshima zote "bibi yako hajambo? naomba nije nimsalimie jioni nyumbani" maana nilisikia bibi mzaa mama anaumwa. Kule bibi ni MKE. Kanisa zima liligeuka.

Nesi Mstaafu:
Marahaba mwanangu. Naomba unisome taratibu. Hiyo kliniki USIFUNGUE. Leseni yako ya Baraza la Uuguzi na Ukunga ni ya Tanzania, ukivuka mpaka wewe ni muumini kama waumini wengine mpaka wenye nchi wakupe ruhusa kwa maandishi. Utampa mtu dawa, kesho akapata mzio, wewe uko kwenye basi unarudi Mbeya, nani atamhudumia? Na madawa kwenye begi bila karatasi wakiyakamata mpakani lawama si za kiongozi wako, ni zako.

Lubumbashi si kijijini ati. Mji una chuo kikuu kinachotoa madaktari, una hospitali ya Jason Sendwe. Mwambie mchungaji wa kule akutafutie manesi wa kanisani kwake, lazima wapo, kaa nao siku mbili tatu waulize wao wangependa kufanya nini na kina mama. Unaweza ukajikuta kazi yako ni kubeba mtoto wakati mwenzako anafundisha. Kabebe.

Chanjo ya homa ya manjano usiache, na ile kadi ya njano ikae na pasipoti. Kyela utaenda krismasi, bibi anakuelewa.

Tairi la Akiba:
Hapo mmefika kwangu, mimi ni dereva wa semi, Kasumbalesa, mpaka wa Zambia na Kongo, napita kama chooni kwangu. Dada yangu sikia. Mtatoka Tunduma mtaingia Nakonde, Zambia mtaikata karibu yote mpaka kule kwenye migodi ya shaba, halafu ndo Kasumbalesa. Pale kuna foleni ya malori ambayo ukiisimulia watu wanaona unaongeza chumvi. Kutoka mpakani mpaka mjini ni kama kilomita 90 tu na barabara nzuri, ila hizo 90 unaweza ukazihesabu kwa siku kama mna mzigo unaoeleweka vibaya. Na belo mbili za mitumba NI mzigo unaoeleweka vibaya. Watawauliza mnaenda kuuza wapi na hata mkifungua Biblia hawaelewi. Halafu Lubumbashi mitumba imejaa sokoni, mnampelekea mvuvi dagaa.

Dola zako ziwe mpya, zisizochanika hata kidogo kwenye ncha. Kongo noti ikiwa na kachaniko kama ka kucha wanakurudishia, nimeshalala na njaa nina dola 20 mfukoni. Noti za dola moja moja acha nyumbani. Simu usiielekeze kwa askari, mpaka, wala daraja, hizo selfi zenu za misheni pigeni mkishafika kanisani.

Saa yao iko nyuma yetu saa moja. Mkiambiwa leo tunahubiri Kenya msikimbilie pasipoti, Kenya ni mtaa pale pale mjini, una soko kubwa. Na ukikwama popote mtaje Samatta. Tangu achukue klabu bingwa Afrika na Mazembe, timu ya pale pale mjini, 2015 Mtanzania pale ana kaheshima, mimi limeniokoa mara mbili.

Mnyamwezi wa Mjini:
Swali la dada la zamu ya usiku naona wote mmeliruka. Anauliza anapeleka nini. Historia kidogo tu. Katanga, yaani eneo hilo la Lubumbashi, kulikuwa na mfalme Msiri pale Bunkeya, Mnyamwezi huyo, katokea huku kwetu kwa biashara ya shaba na pembe akajitawaza. Mmisionari Frederick Arnot alifika kwake 1886. Wamoravian wamefika Rungwe 1891. Piga hesabu, injili imefika Katanga miaka mitano kabla haijafika hapo Rungwe kwenu. Wao ndo wangetuma timu Uyole! Tena huyo Arnot alikaa miaka, sio siku 12, akiishi kwa hisani ya Msiri, anakula anachopewa.

Kwaio dada nenda kama mgeni, usiende kama mfadhili. Mgeni hana haja ya kujua anapeleka nini.

Mkaanga Sumu:
Huyu Mnyamwezi kasema kitu. Ila bado milioni 16 ni milioni 16.

Mwana Katuba:
Jambo dada. Miye ni mutu wa Lubumbashi, niko nasoma hii uzi nacheka. Kiswahili yetu haiko kama yenu lakini tutasikilizana. Kifaransa ni ya ku masomo na ku biro, ku soko na ku kanisa bantu banasema Kiswahili. Ule kaka wa bibi miye nilisikia ile habari, banamuimba mpaka leo 😂. Manguo iko mingi huku, musilete. Mukuye na nyimbo. Kwaya zenu za Tanzania tuko tunazipenda sana, mutufundishe moja na siye tutabafundisha moja. Na batu baache kusema Kongo ni vita tu, vita iko mbali na huku. Aksanti.

Kwaya Namba Tatu:
Mwana Katuba wewe ulisikia wapi?? Nimekwisha.

Ua la Uyole:
Wakuu nimerudi, asanteni sana hata Mkaanga Sumu. Nimemuonyesha kiongozi uzi wote kwenye simu, alikuwa anasoma anakunja sura, alipofika kwa mama wa jikoni akanyamaza muda mrefu akanirudishia simu bila neno. Kesho yake akampigia mchungaji wa kule, mara ya kwanza kumuuliza nyie mnahitaji nini. Mchungaji akasema kina mama wana darasa la jumatano na wanataka mtu wa kuwaelekeza huduma ya kwanza mtoto akipaliwa au akiungua, na kuna nesi wa kwao tutafundisha wote. Kliniki imefutwa, tisheti tumegombana mpaka sasa hazijafutwa. Timu imepungua tumekuwa nane, mchango umeshuka maana mwenye gari katupunguzia, naenda.

Sasa yale mabelo yameuzwa Mwanjelwa tununue magodoro, leo asubuhi mama mmoja wa kanisani kapita sokoni kaona gauni lake alilotoa sadaka limetundikwa linauzwa. Amekuja kwetu na mume wake. Hapo nasemaje?

Nesi Mstaafu:
Mwambie ukweli mwanangu, na umuonyeshe risiti ya magodoro.

Tairi la Akiba:
Gauni linauzwa bei gani? Mke wangu yuko Mwanjelwa saa hii.