Naomba ushauri: daftari la mapishi la Kijerumani halisomeki

Habari zenu wakuu. Niko Milwaukee, nimeolewa na Mmarekani wa ukoo wa Kijerumani. Mama mkwe kanikabidhi daftari la bibi yake, anataka nimpikie mkate wa Krismasi. Tatizo mwandiko: ni Kurrent, ule wa zamani ulioondolewa rasmi kwenye shule za Ujerumani mwaka 1941. Herufi e ni kama n, jamani! Simu imeshindwa, jirani Mjerumani (kijana) naye kachemsha. Nimeambulia neno moja tu, Zucker, sukari, pembeni ya doa la siagi.

Kuna aliyejifunza kuusoma? Alianzia wapi? Halafu nikikutana na "Pfund" (ratili kwa Kijerumani), niihesabu gramu 500 za Kijerumani, au 454 za ratili ya Marekani, maana daftari liliandikwa hukuhuku?