Kuhama kitengo kazini: kwa nini barua yangu ife mezani kwa bosi?

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sitaificha.

Huu ni mwaka wangu wa sita huduma kwa wateja. Kwenye mkataba kazi yangu ni kupokea malalamiko na kuyafuatilia mpaka yafungwe. Lakini kwa miaka mitatu sasa ripoti za wiki za kitengo kizima naziandaa mimi, na nilianza kwa sababu zilizokuwepo zilikuwa na takwimu za uongo. Mteja mmoja alihesabiwa mara tatu kwa kuwa jina lake liliandikwa kwa namna tatu. Tarehe ziliingizwa kama maandishi tu, huyu anaanza na siku, yule anaanza na mwezi, kwa hiyo 3/4 na 4/3 zilichanganywa na hakuna aliyeshtuka.

Nikajifunza SQL, lugha ya kuuliza na kuchambua data iliyo kwenye majedwali, usiku, nyumbani, kwa PostgreSQL, programu ya hifadhidata ambayo yeyote anaipakua bure. JOIN, amri ya kuunganisha majedwali, ilinitesa wiki mbili. Kila nikiunganisha jedwali la wateja na la malalamiko, idadi ya wateja inavimba. Usiku nilipogundua kwamba mwenye malalamiko manne anatokea kwenye mistari minne, na kwamba muda wote nilikuwa nahesabu mistari nikidhani ni watu, nilijua hii ndiyo kazi ninayoitaka. Ripoti iliyokuwa inakula siku mbili za kunakili na kubandika ikawa inatoka kwa dakika chache.

Basi likatoka tangazo la ndani: mchambuzi wa data, TEHAMA. Walitaka mtu anayejua SQL, anayeweza kusafisha data na anayeielewa mifumo yetu. Nikaandika barua siku hiyohiyo. Utaratibu ni kwamba barua ya kuhama lazima ipitie kwa mkuu wako na aisaini. Mkuu wangu akaikalia wiki tatu. Nikimuuliza, "naishughulikia". Tarehe ya mwisho ikapita. Baadaye akaniita na kuniambia waziwazi, "Wewe ukiondoka, ripoti ataandaa nani?"

Yaani hakusema siwezi. Amenizuia kwa sababu naweza!

Nikaenda kwa watu wa rasilimali watu. Jibu: bila saini hakuna ombi. Nilipobisha, wakaongeza kwamba sina shahada ya kompyuta, wakati tangazo lenyewe halikutaja shahada. SQL ina kiwango rasmi tangu 1986, imeandikwa, inafundishwa kila mahali. Ni kitu kinachopimika. Nipeni majedwali na maswali kumi, mkae pembeni, mtaona kama majibu yanatoka au hayatoki. Hata jaribio la nusu saa nimenyimwa.

Nafasi amepewa mtu kutoka nje. Yeye sina ugomvi naye kabisa, ni kijana mstaarabu na anajua kazi. Kilichoniumiza ni ujumbe wa bosi: nikae na mgeni siku tano nimweleweshe data. Nikakaa naye. Siku ya pili akakutana na namba 9 kwenye safu ya hali ya lalamiko, haipo kwenye maelezo yoyote. Nikamwambia hayo ni malalamiko yaliyohamishwa kutoka mfumo wa zamani kabla hayajafungwa, ukiyahesabu kama mapya takwimu zote zinaharibika. Akaniangalia, akauliza, "Sasa kwa nini hukuomba wewe?" Nilishindwa kumjibu.

Wakuu, mtu atakayepata hasara nikiondoka ndiye amepewa uamuzi wa kama niondoke. Huyo atasaini vipi? Na ningekuwa mzembe angenisainia asubuhi hiyohiyo, tena kwa furaha. Kuna njia nyepesi kabisa: ombi liende moja kwa moja kwa wenye nafasi, wanipime, nikifaulu ndipo mkuu wangu aitwe wapange muda wa makabidhiano. Aulizwe ataniachia lini, asiulizwe kama ataniachia. Wiki nne, sita, nakubali. Simwachi mtu kwenye shimo.

Wenzangu wananishauri niache kuandaa ripoti ili waone umuhimu wangu. Sitafanya hivyo, kwenye zile ripoti kuna wateja wanaosubiri majibu. Nimeamua kuandika mwongozo, kila hatua na kila swali la SQL, na namfundisha mwenzangu mmoja ili sababu ya bosi ife. Pia nimeomba jibu la kukataliwa kwa maandishi. Leo siku ya tisa, kimya.

Naomba kujua kwa waliopitia: kuna aliyepeleka barua bila saini ya mkuu wake na ikapokelewa? Na uhusiano wenu kazini ulikuwaje baada ya hapo?