Tunastaafu mwishoni mwa mwaka: tununue mashua tuishi baharini?

Kiinua Mgongo aliandika:

Wakuu, salaam. Natimiza miaka 60 mwezi wa kumi na moja na ajira inakoma. Nimezaliwa Pangani, lakini maisha ya kazi nimeyamalizia Singida na Dodoma, mbali na chumvi. Mke wangu ni mtu wa Lushoto, kuogelea hajui. Watoto wanataka tujenge fremu za maduka tupangishe.

Mimi ninachotaka ni chombo. Kiwe na mahali pa kulala, jiko, tanga na mashine ndogo, tutembee pwani hii taratibu: Tanga, Pemba, Unguja, Mafia, hata Kilwa. Tukichoka tunatia nanga. Nawaona Wazungu wastaafu, mume na mke, wanapita na vyombo vyao wametoka huko duniani. Sisi wenye pwani tunashindwa nini? Kuna yeyote humu anayeishi hivyo? Chombo gani kinafaa, na mwaka mnaupangaje? Nimetenga theluthi ya kiinua mgongo. Zaidi ya hapo mama watoto kasema hapana.

Mko huru kucheka, ila wenye uzoefu mje pia.

Mtu wa Bara alijibu:

Mkuu, nunua mbuzi. Mbuzi hawazami.

Mama Omo alijibu:

Marahaba hata kabla hujaniamkia, maana umri nimekuzidi mdogo wangu. Mimi na mzee wangu tunaishi chomboni sehemu kubwa ya mwaka tangu alipostaafu. Yeye alikuwa fundi mitambo kwenye tagi za bandari, mimi karani wa kuhesabu shehena gatini. Nilidhani nitaikumbuka sana nyumba. Ninachokikumbuka ni kanga iliyokauka bila chumvi.

Nianze na chombo, maana hapo ndipo hela za watu huishia. Tafuta kinachokubali kupwelewa, yaani kukaa mchangani maji yakitoka bila kuumia. Pwani yetu haina gereji ya vyombo kila bandari, na chelezo zilizopo, pale chombo kinapopandishwa kavu kitengenezwe, ni za meli, bei yake nayo ni ya meli. Lakini maji yetu wakati wa bamvua, zile siku maji yanapojaa na kupwa kuliko kawaida, hupanda na kushuka karibu mita 4, na hiyo ndiyo chelezo ya mstaafu, haidai risiti. Tuna mashua ya futi 34, tumbo pana, ambayo ikipata maji ya futi 3 inaelea. Bamvua za huku maji hujaa mida ya saa 10 alfajiri na saa 10 jioni, na kupwa kwake ni mida ya saa 4 asubuhi. Basi alfajiri tunaisogeza mchangani, tunaiwekea magadi, magogo ya kuiegemeza, kila upande, na maji yakishatoka tunashuka na ngazi. Mzee anakwangua makome, mimi napita na bisibisi nikigonga ubao mmoja mmoja kusikiliza palipooza. Tunapitisha moto wa makuti chini kuua wadudu wanaotoboa mbao, tunapaka, na jioni inaelea yenyewe.

Angalia siku, lakini. Usipandishe wakati bamvua imeshaanza kupungua. Maji ya jioni hayatafika pale yalipofika ya alfajiri, ya kesho ndiyo kabisa, nawe utakaa mchangani wiki mbili mpaka bamvua nyingine huku watoto wa kijiji wakikuuliza kila asubuhi unaondoka lini. Panda wakati bamvua bado inakua.

Yale maboti ya Wazungu yenye mkuku, ule uti wa chini, wa mita 2 yametengenezwa kuvuka bahari kuu na kazi hiyo yanaiweza. Huku kwetu kwa mafungu ya mchanga na mikoko, yakikwama yanalala ubavu na vyombo vyote vya jikoni.

La pili ni mwaka. Mwenye kuupanga ni upepo. Mkondo wa pwani hii unakwenda kaskazini miezi yote kumi na miwili, na kusi, upepo wa kusini, ikivuma unazidi nguvu, hasa pale kati ya Pemba na bara. Kwa hiyo kushuka kusini kunawezekana wakati wa kaskazi tu, upepo wa kutoka kaskazini, ukitaka amani katika ndoa. Sisi tunatoka Tanga baada ya mwaka mpya, kaskazi ikishatulia. Hatua ni fupi: Pangani, kisha tunafuata pwani ya bara hadi Dar, kisha Mafia, kisha Kilwa. Tunang'oa nanga alfajiri na saa 9 mchana tuwe tumeshatulia. Usiku hatutembei. Nyavu hazina taa, ngalawa nazo nyingi hazina.

Pangani unaijua mwenyewe, mlangoni mwa mto kuna fungu, ingia na maji yanayojaa ama subiri nje. Na lile fungu la Maziwe ambalo wazee wako walilikuta na miti, siku hizi ni mchanga mtupu na maji makuu yanalifunika. Pazuri kwa mchana, usilale hapo.

Mafia ndiko ninakokupenda. Kuingia ghuba ya Chole kwa mlango wa Kinasi, ngoja maji yasimame. Yakiwa yanapwa na upepo unavuma kutoka bahari ya nje, mawimbi pale mlangoni yanasimama wima. Ukishaingia ndani kumetulia. Kuna hifadhi ya bahari tangu 1995, kwa hiyo lipa tozo yako na uliza pa kutia nanga, usiitupe juu ya matumbawe. Ukihitaji fundi wa kalafati, wa kuziba nyufa za mbao kwa pamba, mafundi wa kisiwa cha Jibondo wanajenga vyombo kwa kurithishana. Wapelekee madumu ya maji matamu, kisiwani kwao ni ya shida, utapokelewa vizuri kuliko mwenye noti. Upande wa Kilindoni, msimu huohuo wa kaskazi, papa potwe wanakuja karibu na nchi kavu. Mmoja alipita chini yetu, mrefu kupita nusu ya chombo, mgongo wote madoa meupe. Mzee alizima mashine akabaki kinywa wazi. Mimi niliendelea kukuna nazi, wali ulikuwa umeshachemka.

Masika hatuishi chomboni. Tunafika Kilwa Masoko kabla ya mvua, mzee anakiingiza chombo ndani kabisa ya mikoko, nanga mbili na kamba za kwenye miti, na mimi napanda basi kwenda kulala chini ya bati langu Tanga. Msimwamini anayewaambia pwani hii haipati vimbunga. Mei 2024 Hidaya kilifika Mafia, na wazee wa Unguja walikuwa wakisimulia tufani ya 1872 iliyovunja merikebu za Sultani Barghash bandarini. Mwezi wa sita au wa saba kusi ikishashika tunarudi kaskazini, upepo nyuma, mkondo nao unatubeba, na safari iliyotutoa jasho mwezi wa pili tunaimaliza tukipiga soga.

Sasa wifi yangu wa Lushoto. Chombo kisitoke bandarini mpaka awe anaweza, peke yake, wewe umekaa tu na mikono umefunga: kuwasha mashine, kung'oa nanga, kutua tanga, kugeuza na kumrudia mtu aliyeanguka majini, na kuita kwa redio chaneli 16. Mzee wangu ana presha. Akidondoka pale shetri, nyuma ya chombo, tukiwa nje ya Mafia, hakuna nahodha mwingine ila mimi. Wanaume wengi wanapenda kumfundisha mke kupika chomboni wakamwachia hapo. Kuogelea nimejifunza nikiwa bibi mwenye wajukuu, ufukweni Raskazone hapa Tanga, kwa kanga na aibu zote. Na jaketi la kujiokolea analivaa tangu anapoingia kwenye mtumbwi, asisubiri bahari ichafuke.

Hela: pensheni ya mzee inatosha chakula, dizeli na vocha. Pensheni yangu ni ya chombo, na chombo kinaimaliza.

Hori la Kilifi alijibu:

Salamu kutoka Kenya. Mama Omo ameeleza vizuri lakini kwa mbao anapendelea, nami nipendelee faiba kidogo. Hapa hori la Kilifi, mkono wa bahari unaoingia bara, wale wageni wazee huja kupumzika wakishavuka bahari. Kuna wale ambao huchoka, mmoja anaugua, wanarudi kwao kwa ndege na boti linabaki likiuzwa. Ukiwa na subira utapata bei ambayo hungeiamini. Tafuta katamarani, boti la matumbo mawili: hukaa wima maji yakipwa, hakuna magadi wala kalafati. Lakini pima mlingoti kabla hujaahidi kuingia ndani ya hori, juu kuna daraja na nyaya za umeme, na nyaya hazibembelezi. Pia kabla hujalipa nenda forodha ya Tanzania uulize ushuru wa kukiingiza kwenu, usije ukalipa boti mara mbili.

Mpakani si kugumu. Muhuri wa kutoka unagongewa Shimoni, upande wetu wa Kenya, unaingilia Tanga au Mkoani, Pemba. Usishuke kwanza kisiwa cha Misali ukaogelee halafu ndio ukatafute afisa.

Mama Omo alijibu:

Hori, hilo la katamarani nakubali, na ningekuwa na hela hizo ningenunua. Ila faiba ikipasuka kisiwani Songosongo nani ataiziba? Mbao nikifika kijiji chochote nampata babu mwenye patasi na pamba. Mdogo wangu, ukienda kwa mbao nunua iliyokwisha kufanya kazi miaka mitatu minne, usiagize mpya. Mpya utaisubiri, na utalipa kwanza mbao, kisha misumari, kisha msiba wa fundi. Nenda kuitazama maji yakiwa yamepwa, imekaa kavu. Anayekuonyesha ikiwa inaelea tu ana jambo analolificha chini. Kisha ingia ndani, funua sakafu, kaa kimya nusu saa ikiwa majini uone ngama, pale chini yanapokusanyika maji, inajaa kwa kasi gani. Kila chombo cha mbao kinavuja kidogo. Kama mwenye chombo anaongea sana nusu saa hiyo, mwombe akakuletee soda.

Mtungi wa gesi, wa kilo 6 unatosha, uwe nje kule shetri kwenye kisanduku chenye tundu chini. Gesi hii ni nzito kuliko hewa. Ikivuja ndani haitoki dirishani, inashuka ngamani inakungojea uwashe mashine.

Kiinua Mgongo aliandika:

Shikamoo mama, nimechelewa lakini shikamoo. Nimesoma yote kwa sauti, mke wangu amekaa hapa. Kuhusu kuwasha mashine amesema sawa. Ameninyang'anya simu anataka kuuliza mwenyewe:

Shikamoo dada. Mimi ndiye wa Lushoto. Watu wote mmeandika upepo na nanga, hakuna aliyetaja choo. Kiko wapi? Na hospitali je, sukari yangu inataka kliniki kila mwezi. Na tukigombana nakwenda wapi?

Mama Omo alijibu:

Marahaba wifi. Wewe utafika Kilwa kabla yake.

Choo kiko mbele, upande wa omo, nyuma ya pazia nzito, nenda na kimo chako ukipime kwanza maana mafundi wanadhani wanawake wote ni wafupi. Tunapokuwa nje tunatumia kile cha kupampu kwa mkono, kinavuta maji ya bahari na kuyasukuma. Bandarini na ndani ya mikoko kile hakiguswi, watu wanaokota pweza na chaza hapohapo. Kuna ndoo yenye mfuniko unaokaza, na gunia la maranda ninayochukua bure kwa mafundi wa vyombo. Kila ukitumia, unamwaga maranda. Haina harufu, kuliko vyoo vingi vya stendi. Ndoo anamwaga mwanamume, nchi kavu, shimoni. Hilo tulikubaliana kabla sijatia saini ya kuuza gari.

Kliniki: tunazihesabu kwanza, safari tunazipachika katikati. Mzee daktari wake yuko hospitali ya Bombo, Tanga, anampa dawa za miezi mitatu. Wewe mwambie daktari mpango wako mapema, na dawa ugawe mafungu mawili, moja ukiweka kwenye mfuko usiopitisha maji, karibu na mlango wa kutokea. Kama unachoma insulini, msinunue chombo kisicho na sola na kafriji. Sisi tuna sola ya wati 200 na kafriji kadogo kanakaa samaki wa siku moja na dawa, basi.

Mkigombana, mmoja anachukua mtumbwi. Hakikisheni makasia ni pea moja.

Tuko Tanga mpaka Krismasi ipite. Njooni mlale chomboni siku mbili, mkiwa na shuka zenu.