Kakangu ameambiwa ana baipola, hili jina linamsaidia ama linamfunga?

Dada_wa_Umoja:
Habari zenu wapendwa. Kakangu mdogo, miaka 24, mwezi uliopita alikaa siku nne bila kulala, akauza simu yake na mtungi wa gesi eti anaanza biashara ya magari. Daktari akasema ni baipola, ugonjwa wa akili wa moyo kupanda sana na kushuka sana. Dawa zimemtuliza, namshukuru Mungu. Shida ni lile jina. Tangu liingie kwa nyumba hawezi cheka kwa sauti kabla mamangu hajauliza "umemeza dawa?" Juzi alikasirika juu nilimmalizia chapati, mjomba akasema huo ni ugonjwa umeanza. Na yeye mwenyewe alifurahi kupata jina, anasema sasa anajua si uvivu wala hakurogwa. Tuendelee kulitaja ama tunyamaze?

Msafiri44:
Pole dadangu. Mimi nina baipola, mwaka wa tisa huu. Mwanzo waliniandikia dipresheni nikapewa dawa ya kuinua moyo peke yake, nikapanda vibaya, silali, naongelesha kila mtu kwa matatu, kumbe kwa mtu wa baipola dawa hizo zikiwa peke yake zinaweza kuwasha hiyo hali. Jina lilipobadilika ndio dawa ikabadilika, nikawekwa lithiamu, dawa ya kutuliza huko kupanda na kushuka, ile lazima upimwe damu kila mara juu ikizidi mwilini ni sumu. Mimi hilo jina liliniokoa.

Wa_Kayole:
Ni sawa lakini likishaingia kwa faili halitoki. Dadangu ana skizofrenia, ugonjwa wa akili wa kusikia ama kuamini vitu visivyokuwepo. Alilia tumbo siku mbili, hospitali moja hapa mjini wakaona faili wakasema ni wasiwasi tu, arudi nyumbani. Ilikuwa apendiksi, alipasuliwa usiku huo kwingine. Hadi leo nikikumbuka vile alikuwa amejikunja kwa benchi machozi yananitoka. Na hapa Nairobi mnajua vile mtu akikuambia wewe ni wa Mathari, ile hospitali ya wagonjwa wa akili, anakutusi. Chungeni mnamwambia nani.

Nesi_wa_Usiku:
Pole sana kwa hayo ya dadako, hayakufaa kutokea. Mimi nafanya wadi ya akili. Hakuna kipimo cha damu cha kuonyesha baipola, daktari anasikiliza mgonjwa na watu wake, kisha analinganisha na vitabu vya kuorodhesha magonjwa na dalili zake, kama DSM ya Marekani ama ICD ya Shirika la Afya Duniani (WHO). Vitabu hivyo vimeandikwa na binadamu na vilishawahi kukosea, mpaka 1973 madaktari wa akili wa Marekani walikuwa wanahesabu ushoga kuwa ugonjwa, ndio wakaamua kuutoa. Kwa hivyo msiogope kuuliza daktari tena. Jina lina kazi kwa dawa na kwa fomu za bima, kwa meza ya chakula halina kazi. Kaa na kakako akiwa ametulia, yeye mwenyewe aandike dalili zake tatu za kwanza. Mkiona hizo muulizeni, zingine mwacheni akasirike kama watu wengine.

Dada_wa_Umoja:
Asanteni sana, nimemsomea yote. Ameandika: kukosa usingizi siku mbili, kutumia pesa ovyo, kuongea mpaka maneno yanagongana. Amebandika nyuma ya mlango wa jikoni na akaongeza kwamba kukasirikia chapati si dalili. Mamangu ako chama, nitamwonyesha akirudi.