Mbuzi wa Mzee Vuai hawakuliwa

Kikundi: WAJUKUU WA MUYUNI
Jumamosi

Mussa [06:52]: Assalaam alaykum jamaa zangu. Huku tumeamka vibaya. Mbuzi watatu wa Ami Haji wameuawa usiku. Majike wawili na yule beberu mwekundu. Jike mmoja alikuwa na mimba.

Rukia [06:55]: Waalaykum salaam. Innalillahi. Ami pole sana. Kafanya nani?

Mussa [06:58]: Watu wanasema chui. Kuna mzee kasikia mkoromo usiku upande wa maweni. Vijana wa barazani washakusanyika, wanataka kuingia msituni alasiri na mbwa na mapanga. Mwengine kasema aachiwe yeye, ataweka nyama ya sumu.

Asha [07:01]: Sumu? Na watoto wanaokwenda kuokota kuni huko je?

Ami Haji [07:10]: Mimi nimepoteza mbuzi watatu. Yule jike ndiye niliyekuwa namngoja azae nimlipie Mussa ada. Kama ni chui basi ana mwenyewe. Chui wa kisiwa hiki hatembei kwa hiari yake, hutumwa. Na aliyemtuma ananijua.

Khamis Misitu [07:14]: Shikamoo Ami, pole sana. Niko njiani natoka zamu msitu wa Jozani. Nakuomba neno moja tu, mizoga isiguswe na wala isiliwe. Mussa nipigie picha za shingo, miguu ya nyuma na tumbo. Na nyayo pale kwenye tope, karibu na pipa la maji. Weka kiberiti pembeni ya unyayo nijue ukubwa.

Mussa [07:26]: [picha 6]

Khamis Misitu [07:33]: Ahsante. Sasa tazameni wote pamoja nami, tusibishane kwa kusikia.

Picha ya kwanza, shingo ya beberu. Haina tundu hata moja. Chui humkaba mbuzi koo, akamziba pumzi mpaka atulie. Ungeona matundu ya meno chini ya taya, na mwili uliobaki ni mzima. Huyu kararuliwa mapajani na mkiani. Mwengine tumbo liko nje. Hiyo ni kazi ya mnyama anayefukuza kwa nyuma, anang'ata anachokifikia.

Picha ya tano, unyayo. Vidole vinne, na mbele ya kila kidole kuna kitobo kidogo. Hizo ni kucha. Chui hutembea amezificha kucha zake, kama paka wenu wa jikoni. Unyayo wake ni wa mviringo na hauna vitobo. Huu ni mrefu na una kucha zote nne.

Na la mwisho. Wamekufa watatu, na wote wako palepale walipoangukia. Chui angemburura mmoja akamficha kichakani.

Rukia [07:36]: Kwa hiyo mbwa.

Khamis Misitu [07:37]: Mbwa, tena si mmoja. Nyayo ziko za ukubwa wa aina mbili.

Ami Haji [07:45]: Khamis mwanangu, wewe umesoma na mimi nakuheshimu. Lakini anayefuga chui anaweza kufuga na mbwa. Mambo haya hayamo kwenye vitabu vyenu. Baba yangu alinieleza habari za wafugaji, waliompa chui wao kuku na wakamtuma kwa jirani waliyegombana naye.

Khamis Misitu [07:58]: Ami, nayajua maneno hayo, nimelelewa nayo. Katikati ya miaka ya 1990, mradi wa hifadhi ya Jozani ulipoanza, watafiti walikuja na nia ya kumhifadhi chui wetu. Wakauliza vijijini. Walijitokeza watu wakasema, mimi namjua mfugaji, nipe fedha nikupeleke ukamwone chui wake. Hajapata kuoneshwa mtu hata mmoja. Kila safari siku hiyo chui amehamishwa, au mwenyewe kasafiri. Mwisho nia ile ikaachwa, maana hata dalili ya chui hai haikupatikana.

Nasema hivi si kwa kuwavunjia wazee heshima. Nasema kwa sababu mnyama yule tulimmaliza kwa ajili ya neno hilo, "ana mwenyewe". Chui wa bara watu humwinda akila ng'ombe, au kwa ngozi yake. Wa kwetu tulimwinda na kwa chuki tuliyokuwa nayo baina yetu. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ikaja ile kampeni ya kusaka wachawi pamoja na chui wao, chini ya mtu akijulikana kwa jina la Kitanzi. Kuua chui ikawa ni sawa na kumkata mchawi mkono. Mnyama wa namna hiyo nani atamtetea? Ukimtetea, na wewe mchawi.

Rukia [08:03]: Mimi chui wa Unguja nimemwona mara moja tu, tulipopelekwa na skuli makumbusho pale Mnazi Mmoja. Yule aliyejazwa. Nilidhani atakuwa mkubwa wa kutisha. Kumbe mdogo, na madoa yake yamevunjikavunjika, madogo madogo, si yale maua makubwa ya chui wa kwenye picha za bara. Nilisimama pale mpaka mwalimu akanivuta. Niliona uchungu siwezi kueleza. Kitu kilikuwa chetu peke yetu, tumebakiwa na ngozi.

Khamis Misitu [08:06]: Ndivyo. Bahari ilipopanda zamani hizo ikakitenga kisiwa na bara, wao wakabaki huku. Mwingereza mmoja, Pocock, alimwandika 1932 kuwa ni jamii mbali na wenzake. Baadaye wataalamu wakamrudisha kwenye kundi moja na chui wote wa Afrika. Lakini mwenye macho anaiona tofauti.

Mussa [08:08]: Si walisema 2018 kamera za watu wa televisheni kutoka Marekani zimemnasa?

Khamis Misitu [08:12]: Zilinasa mnyama wakasema ni chui. Na mimi natamani iwe kweli, wallahi natamani. Lakini picha moja haileti kizazi. Na kama yupo mmoja huko maweni, ndio sababu zaidi ya kutotia sumu leo.

Shangazi Zuhura [08:40]: Assalaam alaykum. Kaka Haji pole, nimeamka nimekuta ujumbe mia. Nipo Salalah, Oman, kama mnavyojua, mwaka wa 22 huu. Huku Dhofar kuna chui, wanamwita nimr. Milima ya Jabal Samhan imetengwa kuwa hifadhi tangu 1997 na kamera zimefungwa mabondeni. Duniani kote chui hawa wa Uarabuni waliobaki porini hawafiki 200. Umoja wa Mataifa umewapa siku yao kila tarehe 10 Februari.

Shangazi Zuhura [08:44]: Majirani zangu ni watu wa majabalini, wana ngamia, ng'ombe na mbuzi. Babu zao walimpiga risasi kila wakimwona. Hivi leo walinzi wa hifadhi ni vijana wa majabali hayohayo. Jirani yangu mmoja ana mtoto wake kazini huko, akija likizo anaonesha picha za chui kwenye simu kama mtu anavyoonesha picha za harusi. Chui mmoja mmoja anamjua kwa madoa, maana hayafanani. Mama yake anamuuliza, "Yule jike mzima?" Mama huyohuyo mbuzi wake waliliwa zamani na bado analalamika. Yote mawili anayo moyoni.

Makame [08:51]: Shikamoo Shangazi. Na mimi niseme nilichokiona. Nilipokuwa dereva Loitokitok kule Kenya, upande wa Amboseli, nilifanya kazi na vijana wa Kimasai wanaolinda simba. Utaratibu huo ulianza 2007. Baadhi yao ni morani walioua simba kwa mkuki, ndiyo ilikuwa sifa. Sasa wanawafuatilia, na kila simba wanampa jina la Kimasai. Alfajiri wanapiga simu kwa wachungaji, leo msipeleke ng'ombe bonde fulani, fulani yuko huko na watoto. Na boma likiwa bovu wanalitengeneza. Mmoja aliniambia, "Ukishampa jina huwezi kumchoma mkuki bila kufikiri."

Ami Haji [08:57]: Makame, Masai ana ng'ombe mia. Mimi nilikuwa na mbuzi saba. Wanne waliobaki wanalia tangu alfajiri.

Makame [08:58]: Kweli Ami. Nisamehe.

Khamis Misitu [09:05]: Ami ana haki. Na kisiwa kimetubana. Sensa ya 2022 imetuhesabu karibu milioni 1.9 Unguja na Pemba. Kumwambia mtu apende mnyama anayemtia hasara ni kazi ngumu. Lakini nikumbushe kima punju. Punju ni sumu, jina lenyewe la kumchukia. Wazee walisema mti akipita unakufa, wakulima wakamfukuza kwa mawe. Leo watu wanatoka Ulaya kumwona Jozani, na sehemu ya fedha inarudi kwenye vijiji vinavyozunguka hifadhi. Yule kima hakubadilika hata unyoya. Tumebadilika sisi, naye tumemuwahi akiwa hai.

Asha [09:20]: Jamani subirini. Bibi nilikuwa namsomea yote haya. Amenyamaza muda mrefu, kisha kasema nimshikie simu.

Asha [09:31]: [ujumbe wa sauti, 6:14]

Rukia [09:33]: Asha tuandikie, Ami simu yake haifungui sauti.

Asha [09:52]: Nimeandika alivyosema.

"Haji mwanangu, pole. Mali ikipotea inauma, nami najua ulivyowalea wale mbuzi. Sasa nisikilize, neno hili sijapata kukwambia.

Mwaka ule wa kusakwa chui, wewe ulikuwa unanyonya. Waliniita nitoke nje, wasasi wamepita na chui juu ya mti, wamemfunga miguu, kichwa kinaning'inia. Ngoma zinapigwa. Nikatoka na wewe mgongoni. Wakamshusha pale chini ya mwembe watu wamtazame. Alikuwa jike. Matiti yake yamejaa, na moja lilikuwa linatoka maziwa, yanatiririka kwenye vumbi. Nami kifua changu kikajibu, kanga ikarowa. Nilirudi ndani nikaona haya, sikujua namwonea haya nani. Hakuna aliyekwenda kuwatafuta watoto wake. Usiku nilikuwa naamka nakupa ziwa huku nawafikiria.

Na jengine. Mnajua mjomba wangu Vuai, aliyekaa peke yake mwisho wa kijiji, karibu na msitu. Yeye alisemwa mfugaji. Ushahidi wao ulikuwa mmoja, mbuzi wake hawaliwi. Wa kila mtu wanaliwa, wake hawaliwi, basi chui ni wake. Walimtoa nyumbani, wakampekua, wakampiga. Hakukutwa na kitu. Tangu siku ile hakusimama vizuri mpaka anakufa.

Mimi nilikuwa nampelekea chakula, ndiye niliyejua. Mbuzi wake hawakuliwa kwa sababu ya banda lake. Basi. Mwanamume yule alikuwa fundi. Boriti zake za mkoko zilisimama bega kwa bega, mkono wa mtoto haupiti. Alikuwa akiwaingiza kabla ya Magharibi, hangoji giza. Wenziwe walikuwa wanawafunga mbuzi kwa kamba chini ya mti. Lakini nani atakubali kuambiwa kamba yake mbaya, kuliko kuambiwa jirani yake mchawi?

Na sauti ya chui mimi naijua. Ni kama mtu anapasua ubao kwa msumeno, anavuta, anasukuma. Huyo mzee wenu kasikia mkoromo, amesikia mbwa. Tangu wewe uanze kutembea, Haji, sijausikia tena ule msumeno."

Shangazi Zuhura [10:01]: Mama. Miaka yote hii.

Rukia [10:02]: Nalia.

Ami Haji [10:24]: Nimesoma. Babu Vuai nilikatazwa kupita kwake. Mimi na wenzangu tulikuwa tunarusha mawe paa lake tukikimbia.

Ami Haji [10:31]: Mama nisamehe. Na yeye Mungu anisamehe.

Asha [10:33]: Bibi anasema ulikuwa mtoto, na yeye alijua wala hakukulaumu.

Khamis Misitu [10:50]: Ami nimefika barazani. Vijana wamekaa, nimewaonesha nyayo wenyewe pale kwenye tope. Wawili wamekubali. Mwenye sumu bado mkali, nimemwomba aje nyumbani kwangu tule pamoja mchana. Sheha nimemweleza habari ya mbwa, na bwana mifugo anakuja, maana yawezekana wana kichaa. Mtu yeyote aliyeng'atwa au kukwaruzwa aende hospitali leo, asisubiri kesho. Mizoga tunaizika sasa hivi.

Ami Haji [10:54]: Banda langu ni fito za kuegesha tu. Nilisema nitalijenga baada ya Idi, ikapita Idi hii na ile.

Mussa [10:56]: Ami nna boriti kumi nyumbani, zilibaki za ukuta wa choo. Naja nazo.

Makame [10:57]: Mimi natuma ya misumari na ya boriti nyengine kumi. Namba ileile?

Ami Haji [10:58]: Ileile. Ahsante mwanangu.

Ami Haji [11:05]: Asha muulize Mama, boriti babu Vuai alizichimbia kiasi gani?

Asha [11:09]: Anasema mkono mzima mpaka begani, kisha akashindilia mawe. Na juu alifunika, usiache wazi.

Ami Haji [11:10]: Na mlango?

Asha [11:12]: Mlango aliuelekeza chumbani kwake, apate kuwasikia.